Hadubini ya Karatasi

Miaka hiyo shule zilikuwa zimeacha kupima vitu kwa mkono. Mwanafunzi aliiuliza skrini ya ukutani, nayo ikamjibu, na jibu lake ndilo lililohesabika kuwa kweli. Vifaa vya maabara vilikusanywa vikachomwa.

Nakunda, aliyewahi kufundisha sayansi shule ya kata, alibaki na hadubini moja aliyoikunja mwenyewe kwa karatasi ngumu na kuipachika tone la kioo badala ya lenzi. Aliificha kabatini mpaka kitindamimba wake alipoanza kuharisha.

"Mama, skrini inasema maji ni safi," alisema binti yake, Namsifu.

"Nimesikia. Hebu angalia mwenyewe."

Namsifu alidondosha maji ya bomba kwenye kigae cha kioo, akafumba jicho moja, akachungulia kwa muda mrefu.

"Kuna vidudu vinatembea," alisema. "Nikiwaambia shuleni?"

"Watakuuliza umevionaje."

Tangu siku hiyo walichemsha maji yote ya kunywa. Mtoto akapata nafuu, akarudi kucheza. Majirani hawakuambiwa kitu, ingawa kilio cha watoto wao kilisikika mpaka sebuleni.

Asubuhi moja, sufuria ikitokota, skrini ya jikoni iliwaka yenyewe.

"Maji yenu ni safi," ilisema kwa upole. "Mbona mnayachemsha?"

Nakunda aliupunguza moto.

"Tunapika chai," alijibu Namsifu bila kusita.

Nakunda hakuwahi kumsikia mwanawe akidanganya. Alichota majani ya chai, akayatia sufuriani.