Aliyemtia Sumu Tajudini

Mwanvua aliinua sufuria ya uji kutoka jikoni na kuumwaga wote mtaroni, mkwewe akimtazama.

"Mama, ni uji tu," Houda alisema.

"Hata Atumani walimupa uji tu."

Atumani alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikufa macho yakiwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Mdogo wake akafuata vilevile. Mtaani Buyenzi wote walisema ni sumu. Mwanvua aligombana na majirani, akahama nyumba, akamfukuza mjane wa Atumani akarudi kwao Rumonge analia. Sasa alibaki Tajudini peke yake, mume wa Houda, mchomeleaji vyuma kwenye viwanda vya Zone Industrielle, na macho yake nayo yalikuwa yameanza kubadilika.

Tangu siku hiyo Mwanvua alimpikia mwenyewe. Kila kijiko alikionja kwanza. Yeye hakudhurika, mwanawe akazidi kukonda, tumbo likazidi kufura. Alipoinuka kwenye mkeka wa swala, maombi yake yalikuwa yale yale: "Ya Rabi, niachie huyu mumoja."

Alasiri moja Tajudini akatapika damu.

Walimkimbiza kwa teksi hadi hospitali ya Mutanga Nord. Houda aliketi mbele, kwa sababu mama mkwe hakumruhusu hata kumshika mumewe mkono.

Daktari Darius alimpima mgonjwa, akatoka.

"Ni ini, Mama. Virusi vya hepatiti B, na vimekaa ndani muda mrefu. Si sumu. Havipiti kwenye chakula wala kwenye sahani. Mutu anaweza kukaa navyo myaka mingi, haumwi, hajui. Vinapita kwa damu, kwa bibi na bwana kulala pamoja, kwa..."

Mwanvua hakumwacha amalize.

"Ni huyu!" Alimnyooshea Houda kidole. "Umemuletea mutoto wangu kifo kitandani!"

Houda alikuwa anakunja mkono wa gauni lake, maana muuguzi alikuwa ameomba watu wa kutoa damu, haraka.

"Apana!" Mwanvua alimsukuma, akatoa mkono wake yeye. "Ya huyu isiingie kwa Tajudini. Chukueni yangu. Mi sijaugua hata siku moja. Chukueni yote."

Muuguzi akawapima wote wawili.

Walisubiri kwenye benchi, kila mmoja kwenye ncha yake. Nyuma ya pazia Tajudini alikuwa anakoroma kama mtu anayezama. Mwanvua alibana kiwiko chake palipochomwa sindano, akamsemesha mwanawe kimoyomoyo: vumilia, baba, nakuja.

Muuguzi akarudi, akamwita Houda. Houda tu.

Pazia lilipofunguliwa, Mwanvua aliona mfuko wa damu unaning'inia juu ya kitanda, matone yanashuka kwenye mkono wa mwanawe.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Houda," muuguzi alisema.

Mwanvua aliruka kwenda kuung'oa. Daktari alimdaka mabegani, akamrudisha kwenye benchi taratibu, akachuchumaa mbele yake.

"Damu ya Houda ni safi, Mama. Virusi havimo. Leo tunamuanzishia chanjo."

"Na yangu? Yangu ina nini?" Akapiga magoti palepale sakafuni, akashika koti la daktari kwa mikono miwili. "Nilizika wawili, dokta. Huyu ndiye wa mwisho. Mi ndiye mama yake! Mupe damu yangu, nakuomba kwa Mungu."

Daktari akamshika mikono.

"Alishaipata, Mama. Yeye na kaka zake, siku ulipowazaa."