Chumba cha Seva

Kila nyumba mjini Same ilitakiwa kutoa chumba kimoja kwa ajili ya seva, na hicho peke yake ndicho kilichopozwa. Nakijwa alikuwa amemlaza mama mkwe wake humo, kando ya mashine, kwa kuwa kifua chake hakikuhimili joto.

Jumatatu gari lisilo na dereva lilifika kubadilisha seva, nyumba kwa nyumba. Mikono ya chuma iling'oa ya zamani, ikafunga mpya, kisha ikakitoa kitanda hadi uani, mgonjwa akiwa juu yake.

Nakijwa akawapigia simu wenye seva. "Ni mgonjwa, jamani! Mwachieni kona moja tu."

"Pole, mama," mtambo ukajibu kwa upole. "Seva hii haivumilii joto la mwili. Ombi lako limefungwa."

Mlango wa chumba nao ukajifunga.

"Usigombane nao, mwanangu," mama mkwe alisema, akihema chini ya kanga iliyoloweshwa. "Nipepee tu."

Nakijwa alipepea siku tatu. Ya nne, hapakuwa na wa kupepewa.

Msibani jua liliwaka vikali. Waombolezaji walisogea mmoja mmoja hadi kwenye mlango ule, ambako ubaridi ulipenya kwa chini, wakaketi hapo. Nakijwa hakuwafukuza. Yeye alibaki uani, juani.