Usukani wa Mbao

Wa kwanza kushuka kwenye gari alikuwa panya. Alitoka chini ya boneti bila haraka, kama abiria aliyelipa nauli yake yote kutoka California, akapita katikati ya miguu ya Ermes Bondavalli na kutokomea nyuma ya karakana.

"Huyo ndiye aliyekuwa injini," alisema Nerino, fundi wa bodi. "Sasa umebakiwa na bati, Dokta."

Ermes hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa tu, lakini katika mji ule mdogo kando ya Modena kila mwenye koti jeupe huitwa Dokta, naye hakuwahi kumkosoa mtu. Tangu alipokuwa kijana mwembamba kama fito aliiota ile Alfa Romeo ya viti viwili, nyekundu, isiyo na paa. Zilipokuwa zikiuzwa kwao, hakuwa na hela. Alipopata hela, zote zilikuwa zimeshahamia Marekani. Sasa alikuwa ameirudisha moja kwa meli mpaka bandari ya Livorno, na nadhiri yake ilikuwa moja: siku ya mtakatifu wa mji, padri anapobariki magari uwanjani, aingie nayo mbele ya watu wote, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Nerino aliinua zulia la sakafu. Chini yake hapakuwa na sakafu. "Kikulacho ki nguoni mwako, Dokta. Kutu imekula huku imejifunika."

Mke wa Ermes, Ivonne, ambaye alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, alilizunguka lile gari, kisha akachungulia ndani.

"Likipona, na mimi nitaliendesha?"

Ermes alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, hili si gari la kwendea sokoni."

Ivonne alitoa utepe wake wa kupimia, akapima upana wa kiti, akapima na nafasi iliyokuwa kati ya kiti na usukani. Alisema anataka kuvishonea viti mito.

Mito haikuonekana. Kilichoonekana ni chakula. Kila Jumamosi mchana Ivonne alifika karakana amebeba masufuria, na Ermes akaelewa kwamba mke ameamua yaishe. Kulikuwa na lazanya ya kijani iliyolowa siagi, tortellini, vile vijisambusa vya unga vilivyojazwa nyama, kwenye supu ya jogoo, na mkate uliokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Katika nchi ile mtu akikataa sahani ya pili, mpishi humuuliza amefiwa na nani. Ermes, akijua kwamba alimkosea mwenzake kwa kile kicheko, aliomba na ya tatu. Nerino alikuwa na vidonda vya tumbo, akaonja tu. Ivonne mwenyewe alikula majani, akisema siku hizi hana hamu.

Kazi ilikwenda mwendo wa kobe. Sakafu mpya ilikatwa na kuchomelewa, milango ikagongwa kwa nyundo mpaka ikanyooka, injini ikalala mezani vipande vipande. Viti vilipelekwa kwa fundi wa ngozi. Usukani wa mbao, uliokuwa umepasuka, ulikwenda kwa seremala mmoja wa Torino ambaye hakuwa na haraka na dunia hii. Kwa kukosa la kufanya, Ermes alikaa ndani ya bodi tupu juu ya kreti la matunda, akashika hewa kwa mikono miwili na kunguruma kwa mdomo. Kwenye kona aliinama kabisa. Mtu mzima na mvi zake.

"Dokta, hicho kitambi kitadai kiti chake," Nerino alimwambia.

"Kitambi gani? Suruali hii niliivaa harusi ya binti yangu. Mbona inanienea mpaka leo?"

Na kweli ilimwenea. Suruali zake zote zilimwenea. Kulikuwa na mizani dukani, lakini hiyo ilikuwa ya wateja, ambao aliwahubiria kila siku waache siagi.

Usukani ulirudi asubuhi ya sikukuu yenyewe, injini na viti vikiwa vimesharudishwa mahali pake. Nerino aliufunga huku kengele za kanisa zikilia. Injini iliitika mara moja, na Ermes akalia bila aibu. Ivonne naye alikuwa amekuja, amevaa viatu bapa, kitambaa kichwani na glavu nyembamba za ngozi. Ermes alimtazama akaona fahari. Amejipamba kama mke wa dereva hasa.

Alifungua mlango, akaingiza mguu. Mguu uliingia, tumbo likagoma. Akatoka, akavua koti, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akajaribu tena. Nerino alirudisha kiti nyuma mpaka mwisho wa reli, akamsukuma bega, kisha akamsukuma pengine pasipotajika. Hatimaye makalio yalifika kwenye ngozi, na papo hapo honi ikaanza kulia mfululizo, ingawa mikono yote miwili ya Ermes ilikuwa hewani.

Uwanjani padri alikuwa ameshachukua maji ya baraka.

"Shuka, mume wangu," Ivonne alisema kwa upole.

Walimvuta wawili mpaka akatoka. Ivonne akaingia mahali pake, akakaa, na kiti kikamwenea kama alichoshonewa.

"Lakini mimi sijanenepa," Ermes alisema, akizishika suruali zake kama ushahidi. "Angalia mwenyewe, hazinibani hata kidogo."

"Suruali nimekufumulia na kukupanulia kila mwezi, baba," Ivonne alisema, akitia gia. "Gari halifumuliki."