Uzi wa Pili

Nyuzi zililia mbili, naye alikuwa ameachia mmoja.

Wa kwanza ulikuwa wa upinde wake, mzito, uliovutwa kwa vidole vitatu. Wa pili ulifuata papo hapo nyuma yake, mwembamba na mkali kama mbu aliyepita sikioni. Kwenye mihogo nguruwe akakoroma, akaanguka.

Leonadi aligeuka, upinde mkononi. Ukungu wa jioni ulikuwa umekwisha kushuka, kama ulivyoshuka kila jioni tangu kiangazi kianze. Ndani yake hakuona mtu ila mkewe, Dativa, aliyeinama akifunga kuni zake.

"Mama Cletus, umesikia?"

"Nimesikia nguruwe akianguka," alisema Dativa. "Ubavuni, kama kawaida. Twende."

Akamwongoza hadi penyewe. Leonadi akachomoa mshale. Chuma kilikuwa chake, na manyoya ya kanga yalikuwa yake. Lakini mkia wa mshale, pale unapokaa kwenye uzi, ulinata. Akaunusa. Ulimbo.

Hakuwahi kupaka ulimbo maishani mwake. Ulimbo ni wa wabanaji, watu wanaovuta kwa kuubana mkia wa mshale kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Mbanaji huchonga kifundo mkiani ili vidole visiteleze. Asipokuwa na mshale wenye kifundo, ndipo hupaka ulimbo. Anayevuta kiume, Leonadi alipenda kusema, haushiki mshale. Anaushika uzi wenyewe, kidole kimoja juu ya mshale, viwili chini. Marehemu mkwewe, mzee Valentini wa Newala, alikuwa mbanaji, na Leonadi alimcheka miaka yote, tena mbele ya Dativa. Yule havuti upinde, alisema, anatia chumvi kwenye mboga.

Hapa Kiranjeranje alimjua mbanaji mmoja tu, Yassin. Jumapili wakulima wa bondeni wangekutana kuchagua mlinzi wa mashamba, na Yassin alikuwa akiitaka kazi hiyo waziwazi. Leonadi aliishika tangu mwanawe Cletus hajazaliwa. Wakimvua, hakujua angejiita nani.

Basi mambo yakamkalia sawa kichwani. Kiangazi chote mishale yake ilikuwa ikipungua podoni. Kumbe Yassin anaiiba, anajificha vichakani, anapiga pamoja naye. Mshale wake mwenyewe, alijiambia, umempenya nguruwe ukatokea upande wa pili. Wa mwizi ndio unaobaki. Na Jumapili mwizi atasimama aseme, nguruwe wote wale ni wangu, shikeni mikia ya mishale muone.

Hakumwambia mkewe. Jumamosi asubuhi, Dativa akiwa kisimani, alichoma maganda ya korosho kwenye kikaango, akakinga yale mafuta meusi yanayobabua ngozi. Akapaka kila mkia uliomo podoni, akalitundika podo ukutani mahali pake pa siku zote, akatoka akaacha mlango wazi. Yeye hakuwa na hofu. Vidole vyake huvivika ngozi ya mbuzi.

Jioni nyuzi zililia mbili tena. Nguruwe akaanguka, na Leonadi akatabasamu.

Mkutano ulikaa kwenye banda la ufuta. Yassin alipomwamkia shikamoo, Leonadi aliitikia marahaba, kisha akaukamata mkono wake, akausogeza karibu na uso, akakagua kidole kimoja kimoja.

"Unanipima pete, mzee?" Yassin aliuliza. Watu wakacheka.

Dole gumba lilikuwa safi. Cha shahada hakikuwa na lengelenge. Alama pekee ilikuwa sugu mpya kwenye vidole vitatu, pale uzi unapokaa. Yassin akaona haya kidogo, akakiri kwamba ameacha kubana tangu mfungo wa Ramadhani. Alikuwa akimwiga yeye.

Leonadi alisimama kusema bila kujua anamsema nani. Aliwaambia kwamba hata katika ukungu huu wa kila jioni yeye hakosi. Mtu mmoja akauliza ni ukungu gani, kiangazi hiki. Wengine wakadhani mzee anatania, wakapiga makofi. Mikono ikainuka yote kwa ajili yake. Ulikuwamo wa Yassin, aliyesema kwamba wao Waislamu nguruwe hawamli, lakini mzoga wake hausemi uongo.

Alirudi nyumbani na ushindi unaonata kama ulimbo. Kama si Yassin, nani? Njia nzima alikuwa akiwapitisha kichwani wabanaji wa Somanga, wa Mtanda, wa kote alikowahi kusikia.

Dativa alitenga ugali na kisamvu, akamnawisha. Yeye mwenyewe akaketi, akaanza kula kwa kijiko.

Leonadi aliacha tonge mkononi. Tangu amwoe hakuwahi kumwona akila ugali kwa kijiko.

"Nipe mkono," akasema.

Dativa alisita, akautoa. Leonadi akausogeza karibu na uso. Dole gumba lilikuwa limebabuka. Cha shahada kilikuwa kimebabuka. Vile vingine vitatu vilikuwa vizima.

Dativa aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akaufungua ule mzigo wa kuni aliokwenda nao shambani kila jioni na kurudi nao. Katikati ulilala upinde mdogo wa mzee Valentini. Kando yake ilikuwamo mishale ya Leonadi, yote iliyopotea kiangazi hicho. Hakuna mkia ulionata ulimbo. Ncha zilikuwa na udongo wa shambani, na hakuna iliyokuwa na damu.

Leonadi aliipapasa mmoja mmoja hadi wa mwisho. Ukungu ulikuwa umeingia hata humu ndani. Kisha akachukua mafuta ya nazi, akalishika lile dole gumba, akaanza kulipaka taratibu.

"Kesho, Mama Cletus," akasema, "nitakuchongea mishale yako. Yenye kifundo."