Mwalimu Manije Apelekwa Ofisini

Walipobisha hodi, Bi Manije alikuwa ameikodolea macho simu. Binti yake alikuwa leba huko ng'ambo, Malmö, na mkwewe alikuwa ameahidi kupiga kwa video mtoto akitoka tu. Vijana wawili wa serikali wakaichukua simu, wakamtia garini.

Kosa alilijua, na mtaa wote wa Narmak ulilijua. Mwalimu huyu mstaafu wa kemia ndiye aliyewawekea majirani programu za kupenya mitandao iliyofungwa, kuanzia mwoka mikate hadi mke wa imamu.

Mkuu wa ofisi ya kufunga mitandao, Bwana Kohandani, alimkaribisha chai. Akakataa. Akasihiwa, akakataa tena. Mara ya tatu akapokea, kama desturi ya kwao inavyotaka. Hata ukikamatwa, adabu ni adabu.

Ofisi ilikuwa kimya ajabu. Wafanyakazi kumi na wawili walikaa mbele ya kompyuta kumi na mbili wakimenya matango.

"Tumesikia unawafungulia watu," Kohandani alisema.

"Nani kawaambia?"

"Mke wangu. Kwenye simu yake si ulimwekea wewe?"

Bi Manije akaweka kikombe chini. "Basi nifungeni, mwanangu. Ila nipeni simu dakika tano tu. Mjukuu wangu wa kwanza anazaliwa leo."

Simu ikatetema mezani: Malmö. Kohandani akaifunika kwa kiganja.

"Kwanza tuonyeshe unavyofanya. Polepole, kwenye kompyuta yangu hii."

"Ili kesi yangu ikolee vizuri? Huna hata haya!"

Kohandani akamsogezea kiti. Simu ikanyamaza, na mama wa watu akahisi machozi yakimlenga. Akavuta kibodi kwa hasira. Wafanyakazi wakaacha matango, wakamzunguka, mmoja akiandika kila hatua kwenye daftari.

"Tayari. Niingie wapi?"

Kohandani akamsukumia karatasi yenye anwani. Bi Manije akaiandika, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, ukiwa na nembo ya serikali na orodha ndefu ya mitandao iliyofungwa. Nyuma yake mtu akasema, "Alhamdulillahi!" Mwingine akaangua kilio.

Simu ikatetema tena. Safari hii Kohandani aliinua mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Pokea, mwalimu, umwone mjukuu," alisema, akijifuta jasho. "Jumamosi tulifunga kurasa zote za hatari, tukajifungia nje na sisi wenyewe, funguo zikabaki ndani."