Kidevu cha Mwalimu

Hapo kale ngiri walikuwa tayari wakila wamepiga magoti, na Mama Ngiri magoti yalianza kumuuma. Watoto walipohama nyumbani, akaenda mtoni kwa Kiboko, bingwa wa maji, kujifunza kuogelea.

"Si umechelewa, mama?" Kiboko alimuuliza.

"Nimechelewa, ndiyo maana nina haraka."

Kila asubuhi Kiboko alitoa pua nje ya maji na kuamuru: piga miguu, vuta pumzi, acha woga. Ngiri alikunywa maji, akakohoa, akarudi. Magoti yakalainika, na maji yenyewe yakamnogea.

Siku alipothubutu kuzamisha uso, aliona miguu ya mwalimu imekanyaga matope.

"Mzee, kumbe unatembea?"

"Punguza sauti," Kiboko alimsihi. "Nimezaliwa humu. Ningemwomba nani anifundishe?"

Kesho yake Kiboko aliweka kidevu mgongoni kwa Ngiri, akainua miguu kutoka matopeni, akatapatapa. Swala waliokuja kunywa walitikisa vichwa.

"Kiboko ana moyo," walisema. "Anavyohangaika na kile kibibi."

Ngiri alikuwa na jibu. Akalimeza pamoja na maji.

"Tanua miguu, mwalimu," alinong'ona.