Futa Kila Kitu

Mzee Mutahi hakuwa na shahada, hakuwa na meno ya mbele, na kusoma alijifunza ukubwani, usiku, katika darasa la ngumbaro. Lakini mfumo uliokuja na kompyuta yake ulipopitwa na wakati, aliutoa mwenyewe akaweka mwingine wa bure uitwao Linux, akifuata maelezo hatua kwa hatua. Tangu hapo alikuwa akiandika humo historia ya ukoo wao.

Jumamosi mwanawe, mhasibu, alikuja kutoka Nairobi, akaifungua kompyuta.

"Nani alikuwekea hii takataka?"

"Ni mimi."

"Wacha mchezo, Baba. Ati wewe?" Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Vitu vya bure ni vya watu hawana pesa. Ngoja nikurudishie ile ya kawaida."

Akachomeka flashi. Maneno ya Kiingereza yakatokea kwenye skrini, na Mzee Mutahi akayasoma polepole, akiyafuata kwa kidole.

"Hapa wanasema itafuta kila kitu. Historia yangu iko humo."

"Baba, hiyo huwezi kuelewa."

Ukucha wa mwanawe, safi, uliokatwa vizuri, ukabonyeza kitufe cha kukubali, na historia yote ikafutika.

Jumatatu asubuhi Mzee Mutahi alichukua kalamu, akamwandikia wakili wake wa Kerugoya kuhusu shamba la kahawa alilokuwa amemwahidi mwanawe: lisiandikwe tena kwa jina la kijana huyo. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaipeleka posta mwenyewe.